Swingi Haikuzaliwa Kitini

Imeenea miongoni mwa wasomi dhana kwamba muziki ukishapewa heshima hauna budi kusikilizwa kwa ukimya, wasikilizaji wameketi na kushika tama kana kwamba wamo matangani. Kwa mujibu wa dhana hiyo, muziki unaomwinua mtu kitini ni muziki wa daraja la pili. Upande wa pili wamesimama wale waaminio kwamba dansi ni miguu tu: maadamu ngoma inalia, sauti ya mwimbaji na ufundi wa mpangaji si kitu. Makundi haya mawili hubishana mwaka hata mwaka, na wala hayatambui kwamba yameshikilia kosa moja.

Ipo santuri moja inayoweza kuwasuta wote wawili. Jina lake ni “Ella and Basie!”, na ilirekodiwa mjini New York mwezi Julai, 1963. Mwimbaji ni Ella Fitzgerald, aliyekuwa na umri wa miaka 46. Bendi ni ya mpiga piano Count Basie. Na mpangaji wa muziki ni Quincy Jones, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 30. Nyimbo zilizomo ni 12, na nyingi kati yake zilikwisha kuimbwa na kuchezwa sana hapo kabla. Hapana shaka kwamba wahakiki wengi wa Marekani hutaja kwanza zile santuri ambamo Ella aliimba tungo za watunzi mashuhuri mmoja mmoja, kuanzia mwaka 1956. Hizo ndizo zilizomfikisha katika sebule za wenye vyeo. Lakini anayetaka kujua swingi ni nini na inafanya kazi namna gani, aanze na hii ya 1963.

Jambo la kwanza linalosikika ni kwamba sauti ya Ella haikai mbele ya bendi kama mgeni rasmi. Inaingia katikati ya tarumbeta na saksofoni, inajibizana nazo, na katika wimbo wa kwanza, “Honeysuckle Rose”, inaachana na maneno na kuanza kutamka silabi zisizo na maana ya kamusi, kama ala nyingine ya kupuliza. Nyuma yake lipo gitaa la Freddie Green, aliyejiunga na Basie mwaka 1937. Huyu hakuwa mtu wa kujitokeza na kupiga peke yake. Kazi yake ilikuwa kukwangua nyuzi mapigo manne kwa mapigo manne, bila kuchoka na bila kujionyesha. Msikilizaji asiye makini hata halisikii gitaa hilo, ilhali mguu wa mchezaji unalisikia. Basie mwenyewe, ambaye angeweza kuijaza piano kwa vidole kumi, anadondosha noti mbili tatu kisha ananyamaza. Katika nafasi anayoiacha, mwenye kucheza anapata mahali pa kugeuka, na mwenye kusikiliza anapata mahali pa kutabasamu. Nafasi ni ile ile moja.

Ufundi huo haukupatikana darasani. Ella alipopanda jukwaa la ukumbi wa Apollo, Harlem, mwezi Novemba 1934, akiwa binti wa miaka 17 katika shindano la wasanii chipukizi, alikusudia kucheza dansi. Waliomtangulia jukwaani walicheza vizuri mno, naye akaona ni heri abadili nia aimbe. Akashinda. Mwaka uliofuata akachukuliwa na bendi ya mpiga ngoma Chick Webb, mtu mfupi mwenye kibiongo, ambaye ngome yake ilikuwa ukumbi wa Savoy. Kwa hiyo mwimbaji huyu ambaye baadaye alisikilizwa kwa ukimya katika kumbi kubwa za dunia alianza kama mchezaji, na shule yake ilikuwa sakafu ya dansi.

Na Savoy ilikuwa shule ngumu. Ilifunguliwa mwaka 1926, ikiwa na majukwaa mawili ya bendi ili muziki usikatike, na watu weusi na weupe wakicheza kwenye sakafu moja, jambo lililokuwa adimu hata New York. Hukumu ilitolewa kwa miguu. Bendi ikikosea mwendo, watu waliacha kucheza, na hakuna maelezo ya mtaalamu yaliyoweza kuwarudisha.

Historia ya swingi ina usiku mmoja unaostahili kufundishwa. Tarehe 16 Januari, 1938, bendi ya Benny Goodman ilipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, hekalu la muziki wa kizungu wa watu walioketi. Basie na baadhi ya wanamuziki wake walialikwa kushiriki. Walipomaliza, hawakwenda kulala. Walikwenda Savoy kupambana na bendi ya Chick Webb, huku upande mmoja ukiwa na Ella na upande wa pili ukiwa na Billie Holiday. Ubishi wa nani alishinda uliendelea magazetini. La maana hapa ni kwamba wanamuziki wale wale, kwa vidole vile vile, waliwahudumia waliokaa na waliosimama katika usiku mmoja, wala haikuwalazimu kuwa watu wengine walipotoka mlango mmoja kuingia mwingine.

Ni haki kukiri kwamba kiti nacho kilikuwa na hoja yake. Katika Cotton Club ya Harlem, weusi walitumbuiza na weupe ndio walioruhusiwa kuketi kama wateja. Katika majimbo ya Kusini kamba ilitandazwa katikati ya sakafu ya dansi kutenganisha rangi. Kumweka mwanamuziki mweusi katika ukumbi wa heshima, na kuwataka watu wote, bila kujali rangi, waketi pamoja wamsikilize, lilikuwa tendo la kisiasa. Norman Granz, aliyekuwa meneja wa Ella kwa miaka mingi, alikataa maonyesho yake yasipigwe mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Kumdharau msikilizaji aliyeketi ni kusahau jambo hilo.

Lakini kilichoiondoa swingi sakafuni si heshima peke yake. Mwaka 1944 serikali ya Marekani, ikitafuta fedha za vita, ilipandisha kodi ya kumbi za starehe hadi asilimia 30, ikashushwa kuwa asilimia 20 mwaka huo huo. Sheria hiyo iliangukia mahali penye dansi au uimbaji. Penye ala tupu na watu walioketi palisamehewa. Mwenye ukumbi alifanya hesabu yake akaweka meza mahali palipokuwa pa kuchezea. Zilikuwapo sababu nyingine pia: vijana walikwenda vitani, petroli ya kusafirisha bendi za watu 15 na zaidi ilipimwa kwa mgawo, na mgomo wa chama cha wanamuziki ulioanza mwaka 1942 ulizuia kurekodi. Hata hivyo mtumishi wa umma anayeandaa sheria ndogo ya leseni za starehe angefanya vema kulitafakari jambo hili. Maofisa wale hawakukusudia kuugawa muziki. Walikusudia kukusanya mapato. Lakini mchezaji na mwimbaji walitozwa, mpiga ala akaachwa, na watu wakajifunza kukaa. Kodi hiyo ilishuka hadi asilimia 10 mwaka 1960 na kufutwa mwishoni mwa mwaka 1965. Savoy haikuiona siku hiyo: ilifungwa mwaka 1958, ikabomolewa kupisha nyumba za kuishi.

Kwa hiyo mwaka 1963, Ella na Basie walipoingia studio, waliunganisha tena vitu viwili ambavyo sheria, vita na fahari ya wasomi vilikuwa vimevitenganisha kwa takriban miaka ishirini.

Msomaji wa Tanzania hana sababu ya kuliona jambo hili la ugenini. Neno jazz lilipofika huku, halikufika kama jina la muziki wa kukaa. Western Jazz, Morogoro Jazz, NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964: zote zilikuwa bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa na undugu zaidi na rumba ya Kuba na Kongo kuliko Harlem. Waliozipa majina hayo hawakukosea kwa ujinga, kama wasomi fulani wapendavyo kucheka. Walielewa. Tena walikwenda mbali zaidi, kwa kuuweka mgawanyo wa kusikiliza na kucheza ndani ya wimbo mmoja: kwanza beti za taratibu, ambamo mtu kama Muhidin Maalim Gurumo, wa NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park, alisimulia kisa neno kwa neno, kisha chemko, ambapo magitaa yanapamba moto na meza zinabaki na chupa peke yake. Aliyesikiliza redioni mchana ndiye aliyecheza ukumbini usiku.

Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake swingi asiandike ubaoni. Atafute “Shiny Stockings” katika santuri hiyo ya 1963, utungo wa Frank Foster, mpiga saksofoni wa Basie, ambao Ella mwenyewe aliutungia maneno. Aupige mara ya kwanza wanafunzi wakiwa wameketi, waambiwe wahesabu mara ngapi Basie ananyamaza. Kisha madawati yasogezwe ukutani, na wimbo urudiwe tangu mwanzo.