Akiba Inayooza

Methali isemayo kuwa akiba haiozi ina kweli kubwa, lakini imetumiwa vibaya kwa jambo moja. Kila mwaka vijana kadha wa kadha wa Tanzania hupata nafasi za masomo katika nchi za ng'ambo, wengine kwa mwaka mmoja, wengine kwa miaka minne. Kabla ya safari huuza kitanda, hugawa masufuria, na chumba cha kupanga hurudishwa kwa mwenye nyumba. Ifikapo zamu ya pikipiki mikono yao husita. Hiyo hufunikwa turubai, husukumwa katika ua wa mjomba au shangazi, na ufunguo hukabidhiwa kwa maneno machache: "Nitunzieni mpaka nirudi." Msafiri huamini kuwa ameweka akiba. Kwa hakika ameanza kuuza chombo chake kidogo kidogo, na bei yake hailipwi na mtu yeyote.

Akiba ni kitu ambacho kikiachwa hubaki kama kilivyo au huzidi. Mnazi huzaa hata mwenyewe akiwa safarini. Pikipiki haimo katika jamii hiyo. Ilifanywa kwa ajili ya mwendo, na kusimama ni maradhi yake. Petroli iliyobaki katika kabureta huharibika baada ya miezi michache, ikaacha utando kama gundi unaoziba vijitundu vya mafuta. Betri hupoteza nguvu hata isipotumiwa, na ikikaa tupu kwa muda mrefu haipokei tena chaji. Unyevu huingia katika tangi na silinda ukazaa kutu. Na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, chumvi ya hewa ya bahari huharakisha uharibifu huo. Mpira wa tairi hufanya nyufa, na panya hutafuna nyaya. Mwenyewe arudipo baada ya miaka mitatu hukuta umbo la pikipiki, na pikipiki yenyewe imekwisha kwenda zake.

Watetezi wa kuhifadhi hujibu kuwa mafundi wanayo dawa. Kabureta imwagwe mafuta, betri ifunguliwe na kutiwa chaji kila mwezi, oili ibadilishwe, matone machache yatiwe ndani ya silinda kwa tundu la plagi, chombo kisimamishwe juu ya stendi ili tairi zisigandamizwe mahali pamoja. Hoja hii ni ya kweli, na kwa safari ya miezi sita inatosha. Lakini dawa ya kila mwezi yahitaji mganga wa kila mwezi. Ni nani huyo? Shangazi aliyeombwa ua hakuombwa ufundi, wala hakuahidiwa ujira. Amepewa kazi ya miaka kwa jina la upendo, na siku chombo kitakapoharibika atapewa lawama.

Aidha, wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Usiku mtoto wa nyumba akishikwa na homa kali, na pikipiki iko uani, je, jamaa wamwache mgonjwa kwa heshima ya turubai? Wataiwasha, na haki itakuwa upande wao. Aliyeitumia kwa mgonjwa leo ataitumia kwa gunia la mkaa kesho. Msafiri arudipo hudai chombo kama alivyokiacha, jamaa hudai shukrani kwa ulinzi, na watu wa damu moja huacha kuamkiana kwa sababu ya klachi iliyokwisha.

Wako pia wasemao kuwa pikipiki isikae bure, apewe kijana aifanyie kazi ya bodaboda na kuleta hesabu kila siku. Hoja hii ina sura ya busara, lakini huficha hatari. Jina lililo katika kadi ya usajili ni la mtu aliye ng'ambo. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya chombo chake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hutaka kila chombo kiwe na bima kwa ajili ya madhara ya watu wengine. Bima ikiisha muda na mpita njia akagongwa, mwenye jina atatafutwa wapi? Na kama makubaliano ni ya mkataba, yaani kijana alipe mpaka kiasi fulani kisha chombo kiwe chake, basi huko ni kuuza kwa mafungu. Mwenye hoja amekwisha kushindwa na hoja yake mwenyewe.

Husemwa tena kuwa arudipo msafiri atanunua nyingine kwa bei kubwa zaidi. Labda. Lakini chombo kilichohifadhiwa nacho huzeeka: mnunuzi huhesabu miaka yake hata kama hakikutembea. Fedha iliyopatikana kabla ya safari hununua nguo za baridi, hulipa deni, au hubaki benki ambako haihitaji turubai.

Basi na iuzwe, na iuzwe kwa haki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, na jina katika kadi libadilishwe kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya siku ya safari, wala si kwa ahadi ya simu baadaye. Auzaye bila kubadilisha jina ametoa faida na kubaki na hatari.

Sababu ya mwisho ya kuhifadhi ni ya moyo, nayo hutajwa kwa nadra. Pikipiki huwekwa kama rehani ya kurudi: madhali ipo uani, msafiri hajaondoka kabisa. Moyo huo wastahili heshima, lakini umetafuta shahidi dhaifu. Wako walioacha chombo wasirudi, na wako waliouza kila kitu wakarudi. Anayetaka kukumbukwa katika ua wa shangazi yake na apeleke salamu na msaada kila apatapo nafasi. Chuma apewe kijana atakayekiendesha, maana kwake yeye pikipiki hiyo ni chakula cha leo.