UDONGO WA KITALU NYUMBA UPIMWE KWANZA

Vitalu nyumba vimezidi kuonekana nchini, mashambani na hata pembezoni mwa miji. Vijana huungana, hukopa fedha, husimamisha nguzo na kuezeka nailoni, kisha hupanda nyanya na pilipili hoho wakitumaini mavuno ya mwaka mzima. Jitihada hiyo twaisifu. Lakini ipo hasara inayowanyemelea wengi wao, na ni wajibu wetu kuisema waziwazi: udongo wenyewe haupimwi.

Ndani ya kitalu nyumba mvua hainyeshi. Mbolea na maji huingia kwa mkono wa mkulima, msimu baada ya msimu. Mbolea za SA na urea huzidisha tindikali ya udongo. Maji yenye magadi, kama yale ya sehemu nyingi chini ya Mlima Meru, huusukuma udongo upande wa pili. Hivyo majirani wawili waweza kuona majani yale yale ya manjano, na kumbe maradhi yao ni mbalimbali kabisa. Jicho haliwezi kuyatenganisha, kipimo chaweza.

Kipimo hicho huitwa pH, nacho kilibuniwa na Mdenmark S. P. L. Sørensen mwaka 1909. Hesabu yake huanza 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi. Mtu asidhani kwamba tofauti ya 6 na 5 ni ndogo, kwani kila hatua moja ni mara kumi. Nyanya hupenda 6 hadi 6.8. Udongo ukishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiipate. Ukipanda sana juu ya 7, mmea hukosa madini ya chuma.

Hapo ndipo msiba huanza. Mkulima aonapo majani yamegeuka, humwaga mbolea zaidi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini SA haijapata kuwa dawa ya tindikali. Wala chokaa isimwagwe kwa kubahatisha, kwani udongo wenye magadi utazidi kuharibika.

Kupima si kazi ngumu. Chota udongo mahali pengi mle ndani, kina cha sentimita 20, uuchanganye na kuuanika kivulini. Twaa kipimo kimoja cha udongo na viwili na nusu vya maji safi yasiyo na chumvi, koroga, ngoja nusu saa, kisha tumbukiza mashine. Asiye na mashine na apeleke udongo wake maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga.

Basi twashauri mambo mawili. Kwanza, muuza vitalu nyumba asipokee fedha ya mtu kabla udongo na maji ya mahali pale havijapimwa. Pili, kila Bwana Shamba apewe mashine ya kupimia, naye aandike hesabu ya kila kitalu kila msimu. Mali bila daftari huisha bila habari, na udongo ni mali. Tusiwaache vijana wetu wakajifunze hayo siku ya kudaiwa, kwani deni halingoji nyanya zipone.