Kabla ya viatu vya laki tatu, tafuta kocha

Nimetoka zamu sasa hivi, miguu imevimba, lakini niliwaahidi kulijibu hili. Tangu niweke ile posti ya mazoezi baada ya kujifungua, inboksi imejaa swali lile lile: "Sista, nimemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro, sasa naitaka Comrades. Lazima nimlipe kocha, au programu za bure za kwenye simu zinatosha?"

Kwa wasioijua, Comrades ni mbio za Afrika Kusini kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 88, na una saa 12 tu za kumaliza. Zilianza 1921, wanawake wakaja kukubaliwa rasmi 1975. Ni marathoni mbili na chenji inabaki.

Jibu langu: mlipe. Kama hela inatosha kitu kimoja, chukua kocha, hata wa miezi mitatu tu, viatu vipya vitasubiri. Najua mtanicheka, maana kwetu kukimbia ni bure, unafungua geti unaenda. Kwa kilomita tano nakubaliana na ninyi kabisa.

Mwenzenu yalinikuta. Baada ya mtoto wa pili nilijiunga na kikundi cha mbio, mtoto akiwa na wiki tisa. Jumanne kasi, Alhamisi vilima, Jumamosi kilomita 20. Ile programu iliandikiwa vijana wa kiume wasionyonyesha wala kuingia zamu ya usiku. Nikikimbia, mkojo unanitoka. Nesi mzima, ninayewafundisha wenzangu wodini, nikavaa pedi nikanyamaza! Aliyekuwa anatuongoza alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: maumivu yako kichwani. Hakuwahi kuniuliza nimejifungua lini, na mimi sikumwambia. Nikaja kushtuka kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto umelala. Maziwa yamepungua, na nilipopima damu ilikuwa 9. Siku hiyo nililia kwenye korido kama mgeni wa hospitali.

Ndiyo maana nawaambia, kocha asiyekuuliza umejifungua lini na kwa njia gani, huyo siyo kocha wako, hata awe na medali ukuta mzima. Wafiziotherapia wa Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mama asianze kukimbia kabla ya miezi mitatu, na hata hapo kwanza aangaliwe misuli ya nyonga. Mkojo ukikutoka ukiruka au ukikohoa, au ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, simama, njoo hospitali. Ni jambo linalotibika, msilifiche kama nilivyolificha mimi. Kocha mzuri atataka pia kujua wingi wa damu yako, unalala saa ngapi, na kama unanyonyesha, maana kutengeneza maziwa peke yake kunakula kama kalori 500 kwa siku. Ukiongeza kilomita 60 kwa wiki juu ya hizo huku unakula sahani ile ile ya wali, mwili utakata mahali.

Kuna watakaosema bibi zetu walijifungua wakarudi shambani. Sawa, lakini kwanza walikaa arobaini, wakapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, na kuna shangazi alikuwa anawatazama kila siku.

Kingine ni maji. Tunaambiana "kunywa sana, kunywa sana", na kwenye mbio za saa kumi hiyo inaweza kuua. Mwaka 2002 kwenye marathoni ya Boston, Marekani, walipima damu za wakimbiaji 488 pale mwisho, na asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Walioongezeka uzito njiani kwa kunywa ndio walikuwa hatarini zaidi. Mwanamke wa miaka 28 alifariki baada ya mbio hizo. Kiasi chako cha kunywa na kula njiani unakijua kwa kukijaribu mazoezini, wiki hadi wiki, mtu akikuangalia. Na tafadhali, zile diklofenaki mnazomeza asubuhi ya mbio "ili goti lisisumbue" ziacheni. Figo zako siku hiyo tayari zina kazi ngumu.

Kabla hujalipa, muulize: umewahi kumfundisha mama anayenyonyesha? Mtoto wangu akiwa na homa usiku kucha, kesho yake unanipangia nini? Akikujibu "unakaza tu", funga mazungumzo. Na kama wanawake kumi mnapokea ratiba moja kwenye WhatsApp, hapo umelipia fowadi. Kumbuka pia kwamba kocha siyo daktari. Kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usimpigie yeye.

Dada wa Moshi, wewe mwenye mtoto wa miezi mitano, mbio za mwakani nakuomba uziache. Anza kupima damu wiki hii, mwanzie mzee wako hesabu ya kocha taratibu, na ukimpata niandikie swali lake la kwanza lilikuwa nini.