Safari ya Bonde la Lofoi: Lugha Iwemo katika Mpango

Mpango wa safari ya likizo kubwa umekwisha kuzunguka kitivo kizima. Wenzetu wanataka kwenda siku nne kutembea kwa miguu katika bonde la mto Lofoi, kwenye mlima wa Kundelungu. Naiunga mkono safari hiyo kwa moyo wote. Sisi vijana wa Kolwezi tumezoea kuona mlima ukichimbwa. Ni vizuri tukaone mlima uliosimama. Lakini nimeusoma mpango huo kurasa zote mbili. Mna hema, mafuta ya gari, unga, dawa, ruhusa ya ICCN, hata betri za kuchaji simu. Kuhusu lugha hamna hata mstari mmoja. Kwa kitivo cha lugha, pengo hilo halifai kuachwa.

Nianze na jambo dogo, yaani tarehe. Hifadhi ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, na kivutio chake kikubwa ni maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300. Mpango umechagua Agosti kwa sababu njia ni kavu. Ni kweli, lakini kufikia Agosti maji huwa yamepungua sana na nyasi za uwanda wa juu zimechomwa. Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika karibuni, njia huanza kukauka na mto bado una nguvu. Tukiweza kupata siku nne katika mwezi huo, tutaona tunachokifuata.

Sasa jambo kubwa. Katika mpango huo, mwongozaji wa njia na wabeba mizigo wameandikwa mstari mmoja na makaa. Mtu anayejua kila kijito kwa jina lake, anayejua mti upi unaitwaje na kwa nini bonde fulani haliingiwi usiku, huyo kwetu ni mtaalamu. Tungemwalika darasani tungemwita mwalimu. Akiwa porini tunamwita mbeba mizigo.

Mazoea hayo yana historia katika nchi hii hii. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs ulitoka pwani ukiwa na wapagazi wengi wa Zanzibar, ukapita kwa miguu hadi Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, ambaye mwenyewe alikuwa Mnyamwezi kwa asili. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa. Wapagazi wengi hawakurudi kwao. Kiswahili tunachokisema leo kilipita humu kikiwa kimebebwa na watu wa namna hiyo, sambamba na mizigo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alivichunguza vitabu vidogo vya maneno walivyotumia wasafiri wa Kizungu katika Kongo. Anayevisoma leo anakuta lugha ya mizigo, chakula, njia na amri. Nasi tukienda Lofoi na sentensi tatu tu, yaani “leta maji”, “beba hii” na “njia iko wapi”, tutakuwa tumekirudia kitabu kile kile.

Na tutakosa mengi. Kundelungu ni mahali pa ajabu kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Upande wa Lufira tunasikia Kisanga, ambacho Guthrie alikipa namba L35. Upande wa Luapula ziko lugha za jamaa ya Kibemba, za zoni M. Mpaka tunaoufundishwa kwa ramani ubaoni, kule watu wanauvuka kwa kwenda sokoni. Tazama pia mito: Lualaba, Lufira, Lubudi, Luilu, Luapula. Kiambishi lu- cha ngeli ya 11, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu huchukua vitu virefu, kimetandazwa kwenye ardhi yote ya kwetu. Je, vijito vidogo vya bonde navyo vinafuata mtindo huo, au vina majina ya watu, wanyama na matukio? Jibu liko kwa wanaochota maji humo.

Wengine watasema: tunakwenda kupumzika, wacheni utafiti ubaki darasani. Naelewa. Mwaka umekuwa mrefu, na pesa ni kidogo. Lakini simwombi mtu aandike tasnifu juu ya jiwe. Na ninaogopa kitu kimoja. Hapa Kolwezi shimo kubwa la mgodi linaitwa KOV, yaani Kamoto, Oliveira, Virgule. Jina moja la hapa, moja la ukoo wa Kireno, na la tatu ni neno la Kifaransa lenye maana ya alama ya mkato. Waulizeni wenzetu waliozaliwa hapa vilima vilivyokuwapo viliitwaje. Ni wachache watakaojibu. Na hilo jina Kundelungu, wanajiolojia walikwisha kulichukua kuita tabaka la mawe ya Katanga. Wahandisi wa migodi wanalitamka kila siku bila kuuwaza mlima. Bonde la Lofoi bado lina wenye kulitaja kwa majina yake, nasi tuna nafasi ya kuwasikiliza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaongezwe katika mpango. La kwanza, mwongozaji alipwe kwa kazi mbili, ya njia na ya kufundisha, na kiwango kikubaliwe naye kabla ya kuondoka. La pili, jioni moja kati ya nne tuiache kwa wazee wa kijiji, tukiwa na daftari na idhini yao, tuulize majina ya vilima, vijito na miti. Tuulize kwa Kiswahili cha kwetu: “jina ya hii mulima ni nani?” ni sentensi halali kule, na anayekwenda na Kiswahili cha kitabuni ataonekana mgeni zaidi ya anavyodhani. Bora zaidi, kila mmoja ajifunze salamu za Kisanga kutoka kwa wanafunzi Wasanga tulio nao hapa hapa. La tatu, orodha ya majina ikiisha kuandikwa vizuri, pamoja na toni zake, nakala moja irudi kwenye shule ya kijiji, na jina la kila aliyetufundisha liandikwe juu yake, akipenda.

Gharama ya haya yote haifiki bei ya hema moja. Mkutano wa kupitisha bajeti haujafanyika bado. Walimu wetu wa fonolojia na wa mofolojia, tunawaomba mje. Na ndugu wanafunzi, msitie sahihi karatasi hiyo mpaka mstari wa lugha uwemo.