Ugali Washtakiwa, Mvinyo Waachiliwa Huru

Katika mtaa wa Pipeline, mashariki mwa jiji la Nairobi, ugali umeshtakiwa, ukahukumiwa na kufukuzwa mezani bila ya kupewa nafasi ya kujitetea. Kosa lake, eti, ni kunenepesha. Wanaotaka kupunguza uzito huanza kwa kuuacha ugali, kisha huacha chapati, na hatimaye huacha chajio chote. Lakini ifikapo Jumamosi jioni, au siku ya chama, chupa ya mvinyo mtamu hufunguliwa na wale wale waliokikataa chakula, na hakuna aitiliaye shaka. Hoja yao ni kwamba bia ndiyo iletayo kitambi, ilhali mvinyo ni maji ya zabibu tu.

Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa hesabu, maadamu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi.

Kwanza, tusilifanyie jambo hili mzaha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2014 ulipata kwamba mwanamke mmoja katika kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya alikuwa na uzito uliopita kiasi. Utafiti wa 2022 ulipata zaidi ya wanne katika kila kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 49. Nyuma ya takwimu hizo mna shinikizo la damu, kisukari na magoti yanayouma. Mama wa Pipeline anayeamua kujinyima chakula hafanyi hivyo kwa sababu ya urembo pekee. Mara nyingi ametoka zahanati na ameambiwa apunguze uzito. Ana haki ya kuambiwa ukweli wote.

Ukweli wenyewe ni huu. Gramu moja ya wanga au protini huupa mwili kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu moja ya alkoholi hutoa 7, yaani alkoholi iko karibu zaidi na mafuta kuliko ugali. Sasa tutwae chupa ya kawaida ya mvinyo, mililita 750, yenye alkoholi ya asilimia 12. Ndani yake mna mililita 90 za alkoholi, na kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni kama gramu 71. Zidisha kwa 7, na jibu ni takriban kilokalori 500, hata kabla ya kuihesabu sukari.

Atatokea msomaji aseme kwamba mvinyo mtamu unaopendwa mitaani hauna nguvu kiasi hicho. Ni kweli, aghalabu alkoholi yake ni kama asilimia 8. Lakini utamu ule haukushuka kutoka mbinguni. Mvinyo wa asilimia 8 wenye gramu 60 za sukari katika kila lita hutoa kilokalori 330 kwa alkoholi na 180 kwa sukari, na jumla yarudi pale pale, kwenye mia tano na ushei.

Unga wa mahindi nao, gramu 100 zake hutoa kilokalori 360 hivi. Basi chupa moja ya mvinyo ni sawa na gramu 140 za unga, na unga huo ukisongwa ni sahani ya ugali ya kumshibisha mtu mzima aliyeshinda kazini. Aliyeuacha ugali akanywa chupa hakupunguza chochote. Amebadilishana tu, na katika mabadilishano hayo amepata hasara, kwani sahani ya ugali na sukuma wiki humshibisha mtu, lakini mvinyo humtia njaa. Wachomaji wa mutura na wauzaji wa chipsi wanaijua siri hii vyema. Ndiyo maana majiko yao hayakai mbali na milango ya baa.

Isitoshe, mwili hauna ghala la kuweka alkoholi. Huichukulia kama sumu inayopasa kuondolewa upesi, kwa hivyo ini huishughulikia kwanza, na kazi ya kuyachoma mafuta yaliyokwisha kuwekwa huahirishwa. Tena anywaye bila ya kula huzidiwa haraka, kwa sababu tumbo tupu haliicheleweshi alkoholi kuingia katika damu. Kuruka chajio ili "kuupa mvinyo nafasi", kama nilivyowahi kusikia ikisemwa, ni ushauri mbaya kuliko yote.

Haki itendeke lakini. Glasi moja ya mililita 150 ya mvinyo usio na sukari nyingi ina kilokalori zipatazo 120, ilhali chupa ya bia ya nusu lita yaweza kufika 180 au 200. Anayekunywa glasi moja akaiweka chupa kabatini ana hoja. Tatizo ni kwamba glasi zetu za maji na vikombe vyetu vya chai hubeba mara mbili ya kipimo hicho, na chupa iliyofunguliwa penye watu watatu hailali.

Wengine hujitetea kwa ngazi. Pipeline, mtaa uliochukua jina la bomba la mafuta, ni msitu wa majumba marefu yasiyo na lifti, na mifereji ikikauka, maji hupandishwa kwa mtungi. Je, kazi hiyo haitoshi kuuyeyusha mvinyo? Walimu wa fizikia watanisahihisha nikikosea. Mtu wa kilo 70 aliyebeba mtungi wa kilo 20 hadi ghorofa ya saba, kama mita 20 juu, hufanya kazi ya jouli 17,640, yaani kilokalori 4 na kitu. Kwa kuwa misuli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto, mwili hutumia kama kilokalori 20. Chupa moja ya mvinyo, basi, yadai safari 25 za mtungi. Sijamwona wa kuzipanda.

Imani kwamba mvinyo na wembamba ni ndugu haikuzaliwa Nairobi. Mwaka wa 1863, mtengeneza mazishi wa London, William Banting, alichapisha kijitabu kuhusu alivyopungua. Alikuwa amekatazwa mkate, sukari, viazi na bia, lakini akaruhusiwa mvinyo mwekundu. Alipungua kwa sababu ya alivyoviacha, ila wengi walikumbuka alichoruhusiwa. Mwaka wa 1991 televisheni ya Marekani ikatangaza kwamba Wafaransa hawaugui sana moyo kwa sababu ya mvinyo mwekundu, na mauzo yakapanda. Tangu hapo sayansi imegeuka. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na kwamba hatari ya saratani, ikiwemo ya matiti, huanza na tone la kwanza. Habari hii ya pili haikusafiri kwa kasi ya ile ya kwanza. Haina bidhaa ya kuuza.

Hapa ndipo serikali inapopaswa kuulizwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, iliamuru kila chupa iwe na maonyo ya afya. Maonyo hayo hutaja ini, uendeshaji wa magari na umri wa miaka 18. Kuhusu nguvu ya chakula iliyomo, yako kimya. Pakiti ya biskuti ya mtoto hubeba jedwali la kilokalori, ilhali chupa yenye mara kadhaa ya hizo haisemi neno. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji wa mvinyo kuitaja nambari hiyo kuanzia tarehe 8 Desemba 2023. Kampuni zinazoweza kuiandika kwa mnunuzi wa Paris haziwezi kudai kwamba kwa mnunuzi wa Pipeline wino umekwisha. Na iandikwe kwa Kiswahili.

Wakati tukiingoja sheria, walimu hawana haja ya kungoja. Somo la Sayansi Kimu na lile la Kilimo na Lishe huwafunza watoto makundi ya vyakula, lakini kinywaji ambacho wengi wao hukiona nyumbani huachwa nje ya hesabu. Najua baadhi ya walimu wakuu hawatapenda chupa ya mvinyo, hata tupu, iletwe darasani. Si lazima iletwe. Nambari mbili, ujazo na asilimia, zatosha kuandikwa ubaoni, na nyingine mbili za pakiti ya unga kando yake.