Mcheza Kwao Hutunzwa, au Hununiwa?



Ndugu msomaji, kila Jumamosi baada ya kazi za mikono huwa tunakaa kidogo chini ya mwembe tukisubiri kengele ya chakula. Hukaa nasi mzee mmoja anayetusaidia bustanini, mwenyeji wa hapa Morogoro mjini, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye kumbi za dansi. Wiki chache zilizopita redio yetu ndogo ilikuwa inapiga wimbo wa "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe. Mzee alinyamaza mpaka ulipoisha, kisha akasema, "Huyu mtu nilimnunia karibu miaka sita, na yeye hakuwahi kujua kama nipo duniani."

Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Kwa vijana wenzangu ambao jina hilo wamelisikia tu kwa babu zao, nikumbushe kidogo. Mji huu uliwahi kuwa mji mkuu wa muziki wa dansi kwa namna yake. Kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na kulikuwa na Morogoro Jazz. Watu waligawanyika kati ya bendi hizo mbili kama wanavyogawanyika leo kati ya Simba na Yanga. Mbaraka, aliyezaliwa mwaka 1944, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya sitini, na gitaa lake na sauti yake vikaipandisha bendi juu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda mpaka Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Hebu fikiri kijana wa hapa, ambaye Dar es Salaam kwenyewe alikuwa hajafika, anasikia kuwa bendi ya mtaani kwao imepiga muziki Japani!

Halafu, mwaka 1973, Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz na kuanzisha bendi yake mwenyewe, Super Volcano.

Mzee wetu wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. Anasema alijiona amesalitiwa. Aliapa hatanunua tena santuri yenye jina lake. Nyimbo mpya zilipopigwa kwenye baa alijifanya hazimgusi. "Mguu ulikuwa unacheza wenyewe chini ya meza," alituambia, "na mimi nauambia, tulia wewe!" Wimbo ule tuliousikiliza chini ya mwembe, ambao leo watu wengi wakisikia jina la Mbaraka ndio wa kwanza kuukumbuka, ni wa kipindi hichohicho cha Super Volcano ambacho mzee alikikataa. Januari 1979 zikaja habari kutoka Mombasa: Mbaraka amepata ajali ya gari na amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mzee anasema siku hiyo alilia kama aliyefiwa na kaka, na kilichomuuma zaidi ni ile hesabu ya miaka aliyoipoteza akiwa amenuna.

Nilikwenda mezani nikiwa bado natabasamu. Lakini usiku, wakati wa kutafiti dhamiri, tabasamu liliisha, kwa sababu nilikumbuka kuwa na mimi ninaye mtu niliyemnunia.

Kabla sijaingia seminari nilikuwa nikiimba kwenye kwaya ya kigango kimoja huko milimani, upande wa Mgeta. Tulikuwa sauti ya tatu, mimi na rafiki yangu mmoja. Huyu rafiki alikuwa na kipaji kilichotuzidi wote. Alitunga, alifundisha, alipiga kinanda, na Pasaka bila wimbo wake mpya haikuwa Pasaka. Mwaka juzi aliacha kuja mazoezini. Baada ya miezi kadhaa akatoa nyimbo nane alizorekodi peke yake: sauti yake, gitaa kavu, na basi. Hapakuwa na kwaya wala kinanda. Nyimbo nyingine alichanganya Kiluguru na Kiswahili, akaimba habari za mashamba ya kabichi, ukungu wa asubuhi, na watu wanaoshuka mlimani na mizigo ya mboga kichwani.

Zile nyimbo zilipoingia kwenye kundi letu la WhatsApp, maoni yalianza. "Kwaya ndiyo imemlea, sasa anajiona bwana mkubwa." "Mbona hazichezeki?" "Hizi za kulalia." "Yule wa zamani yuko wapi?" Na mimi, frateri, mwanafunzi wa falsafa, niliyetegemewa walau kufikiri kabla ya kuandika, nilimwandikia: "Kaka, rudi kwaya. Huku hakukufai." Nilikuwa nimesikiliza wimbo mmoja na nusu.

Hakujibu. Likizo iliyofuata nilipopanda nyumbani nilipita kwao kuwasalimu. Yeye hakuwepo. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, na baada ya salamu zote akaniuliza kwa upole, "Frateri, ule wimbo wa tano uliusikiliza?" Nikababaika. Akasema, "Ule alimwimbia baba yake." Baba yake alikuwa amefariki muda mfupi kabla rafiki yangu hajaacha mazoezi. Msibani nilituma pole kwa simu, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Sisi tulisema amejitenga kwa kiburi. Kumbe alikuwa na jambo ambalo lisingeweza kuimbwa kwa sauti nne na makofi.

Tangu siku hiyo najiuliza: hivi sisi mashabiki tunampenda mwimbaji, au tunapenda namna tulivyojisikia zamani alipoimba?

Katika Maadili ya Nikomako tunasoma kuwa Aristotle aliona urafiki wa aina tatu: ule wa manufaa, ule wa raha, na ule wa watu wanaopendana kwa sababu ya wema wao. Aina mbili za kwanza hukatika upesi, kwa sababu tunachokipenda ni kile tunachokipata, na kikikoma kupatikana hatuna tena cha kupenda. Naogopa kuwa ushabiki wetu mwingi uko hapo. Mwimbaji ni kama bomba la mtaani. Likitoa maji tunalisifu, likigeuza mkondo tunalipiga teke. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatufundisha kuwa kupenda ni kumtakia mtu mema. Ukimpima shabiki kwa kipimo hicho, swali ni jepesi na linauma: je, nilimtakia mema yule rafiki yangu, au nilimtakia arudi kunifurahisha?

Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1929 na kufariki mwaka uleule wa 1973 Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz, alitofautisha kung'ang'ania na uaminifu. Mtu anaweza kushikilia jambo lilelile miaka yote kama jiwe linavyokaa mahali pake, na bado asiwe mwaminifu. Uaminifu kwake ni kuendelea kuwa karibu na mtu aliye hai, na kwa sababu yuko hai, atabadilika. Marcel aliuita uaminifu huo wa kuumba, maana kila siku unadai kitu kipya kutoka kwetu. Aliyebaki na santuri za 1970 alikuwa mwaminifu kwa santuri. Mbaraka mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1965 Bob Dylan, aliyependwa Marekani kwa nyimbo za gitaa kavu na kinanda cha mdomo, alipanda jukwaani Newport na gitaa la umeme, na sehemu ya watu ikamzomea. Mwaka uliofuata, mjini Manchester, Uingereza, mtu mmoja ukumbini alimwita Yuda. Ona mambo yalivyo: yeye alizomewa kwa kuacha gitaa kavu, na rafiki yangu amelaumiwa kwa kulishika. Kumbe shida haikuwa gitaa. Na ona pia uzito wa neno. Yuda! Kwa ajili ya waya wa umeme! Sisi tunaosoma Injili tunajua Yuda alifanya nini, na tungepaswa kuwa wa mwisho kulitoa jina hilo kirahisi. Lakini maneno tuliyoyaandika kwenye kundi letu yalikuwa na ladha hiyohiyo.

Najua kuna watakaosema, "Frateri, kwa hiyo shabiki hana haki ya kusema wimbo ni mbaya?" Anayo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msanii asiyeambiwa ukweli huharibika. Mabadiliko mengine ni ya kufuata fedha tu, na sikio lililozoea hutambua. Tena, wanaobaki nyuma wana machungu yao. Kwaya yetu ilipoteza mwalimu bila kuagwa, na Pasaka ile tuliimba nyimbo za zamani kwa sauti za kusuasua. Huo ni upungufu wa kweli, na rafiki yangu naye alikuwa na deni la kutuaga. Ninachokataa ni kuhukumu kazi kabla ya kuisikiliza, halafu kuhama kutoka kwenye kazi mpaka kwenye moyo wa mtu. "Wimbo huu umenichosha" ni maoni. "Amekuwa na kiburi" ni hukumu, na kwa hukumu hiyo tunahitaji ushahidi ambao wengi wetu hatuna.

Luka, katika sura ya nne ya Injili yake, anatusimulia habari za Nazareti. Watu waliomjua Yesu tangu utoto walishangazwa kwanza na maneno yake mazuri. Kabla siku haijaisha walikuwa wamempeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini. Kosa lake lilikuwa nini? Hakukubali kuwa mali yao. Sisemi kuwa kila anayetoa albamu ni nabii. Nasema kwamba ugonjwa wa watu wa Nazareti unaweza kumpata yeyote anayesema "tunamjua huyu, ni wa kwetu". Lugha yetu ina methali nzuri, mcheza kwao hutunzwa. Lakini mara nyingi tunamtunza kwa sharti kwamba acheze ngoma ileile.

Na kwa kuwa gazeti hili linasomwa na waamini wa parokia pia, niseme lililo karibu zaidi. Paroko anapohamishwa, tunamfanyia mpya kama mzee wetu alivyomfanyia Mbaraka. "Yule wa zamani alikuwa anahubiri." "Yule alikuwa anatucheka vizuri." Tunakunja mikono na kungoja akosee. Vivyo hivyo kijana akiacha seminari baada ya kupambanua wito wake, wapo wanaompita njiani kama hawamjui, ingawa juzi walimchangia nauli. Je, tulimpenda kijana yule, au tulipenda kanzu tuliyoiona mbele yetu? Nasema hivi nikijua kuwa mimi mwenyewe bado niko njiani, na sijui Mungu atanifikisha wapi. Ningependa siku moja, nikiwa na kanzu au bila kanzu, bado niwe na watu wa kunisalimia.

Mama yule aliponiuliza juu ya wimbo wa tano, nilirudi nyumbani nikatafuta pahali pa kukaa peke yangu nikausikiliza. Ni gitaa moja linalokwenda polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na kuna mahali sauti inakatika kidogo naye hakuirekodi upya. Bado sijui kama ni wimbo mkubwa. Najua kuwa ni wa kweli, na kwamba niliutupa kabla ya kuufikia.

Nilimwandikia kumwomba radhi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Asante, frateri. Sikukasirika. Nilichoka tu." Tangu hapo hajatoa wimbo mwingine, na sijui ni kiasi gani cha kuchoka huko kinatoka kwangu. Mzee wetu wa bustani hana tena pa kumpelekea Mbaraka radhi yake. Mimi bado ninapo. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitapanda tena mlimani, nitakaa mbele ya rafiki yangu, nami nitamwomba auimbe wimbo wa tano mpaka mwisho.

Na wewe, ndugu msomaji, kama yupo uliyemnunia kwa sababu ya kubadilisha wimbo, usingoje habari kutoka Mombasa.

Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa.