Ukichoka Njiani, Kaa Kitako

Kwa miaka mingi nimewahimiza wagonjwa wangu watembee. Kosa langu ni kwamba sikuwaambia wakae.

Mama mmoja wa Mtongwe, mwenye kisukari na magoti mabovu, nilimshauri atembee nusu saa kila siku. Miezi mitatu baadaye hakuwa ametembea hata siku moja. Nilipotaka kumkaripia, akaniuliza: "Mwanangu daktari, nikichoka nikae wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilipokuwa mtoto Likoni, swali hilo lisingeulizwa. Nyumba ilikuwa na baraza nje, na baraza haikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Mpita njia alitoa salamu, akakaa, akaletewa maji. Siku hizi tunajenga kuta hadi ukingoni mwa njia, na juu yake tunapanga vipande vya chupa. Changamwe malori yamekula hata pahali pa kutembea, sembuse pa kukaa! Anayetaka benchi zuri la kutazama bahari avuke feri hadi Mama Ngina, bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019. Kwa magoti yale, ule mteremko wa feri peke yake ni safari.

Wengi huona haya kukaa njiani, wakidhani ni uvivu. Sivyo. Mishipa ya damu ya miguu ikiwa imezibana kwa sababu ya sigara, kisukari au uzee, shavu la mguu huuma ukitembea na hutulia ukipumzika. Dawa mojawapo ni hiyo hiyo: tembea hadi liume, kaa, kisha inuka uendelee. Baada ya miezi kadhaa utafika mbali zaidi. (Lakini kwanza mwone daktari, na kifua kikikubana, usingoje.) Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, likisisitiza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, liliondoa sharti la zamani la dakika 10 mfululizo. Vipande vipande vinahesabiwa.

Isitoshe, kukaa kuna raha yake. Mimi hutembea jioni Kisauni, na kituo changu ni ubao juu ya matofali, kando ya muuza kahawa, chini ya mkungu. Nafika shati limeganda mgongoni. Upepo unapita, moyo unatulia, watu wanasalimu. Kabla kikombe hakijaisha, miguu yenyewe inataka kuondoka.

Basi wewe unayejenga, acha kibaraza cha saruji nje ya ukuta wako. Kifikie kimo cha goti. Kikiwa chini mno, mzee atakaa asiweze kuinuka. Nayo kaunti iweke mabenchi yenye kivuli huku bara pia.

Yule mama sasa anatembea. Jirani yake fundi alimwekea ubao nje ya duka. Juzi ameniambia anataka wa pili, mbele kidogo, karibu na msikiti.